Sura ya Sita: Kituo cha Redio Ndani ya Probox

Redio ya Toyota Probox nyingi zinazobeba abiria kati ya Geita na Katoro inaanzia megahezi 76 na kukomea 90. Vituo vya FM vya Tanzania vimepangwa kati ya megahezi 87.5 na 108, sawa na Afrika yote na Ulaya, kwa mpango uliokubaliwa Geneva mwaka 1984. Wajapani wao waliiweka FM yao chini zaidi, 76 hadi 90, kwa sababu nafasi ya juu yake waliigawia televisheni: chaneli ya 1, ya 2 na ya 3 zilikaa humo mpaka walipozima matangazo ya analojia mwaka 2011. Toyota haikuwa na sababu ya kuweka redio inayofika 108 kwenye gari la kuuzwa Osaka. Gari likazeeka, likapakiwa melini, likashushwa Dar es Salaam, likaja Kanda ya Ziwa kubeba wachimbaji, na redio yake ikaja vile vile ilivyotoka kiwandani.

Kwa hiyo mwenye gari ambalo halijaguswa na fundi anapata kuanzia 87.5 hadi 90 tu: megahezi mbili na nusu kati ya ishirini na nusu. Vituo vingine vyote vinampita juu kwa juu. Akiwasha gari, huenda wa kwanza kumsalimia akawa mwanamke wa Kijapani aliyerekodiwa, akimkumbusha kwamba hajachomeka kadi ya kulipia barabara, ushauri usio na kazi kabisa Ushirombo. Na fundi akichomoa betri bila kufikiri, baadhi ya redio za Toyota zenye ramani hujifunga zikadai namba ya siri, nayo imebaki kwa mwenye gari wa kwanza.

Dawa ya kwanza ya mafundi ni ekspanda, kidude kinachofungwa kati ya waya wa antena na redio. Kazi yake ni hesabu ya kutoa. Ekspanda ya megahezi 12 hushusha kila kituo kwa 12, hivyo kituo cha 95.5 husomeka 83.5. Dereva mzoefu haulizi, anajumlisha kichwani. Lakini redio bado ina megahezi zile zile 14, kwa hiyo sasa inaona 88 hadi 102, na aliye juu ya 102 anabaki nje. Ekspanda ya bei ya chini pia huongeza mikwaruzo yake yenyewe, na mvua ikinyesha barabara ya Kakola, kati ya mlio wa bati na ule wa ekspanda hujui ulaumu upi.

Dawa ya pili ndiyo inayotuhusu. Inauzwa kwa machinga, kwenye maduka ya vifaa vya simu, na mezani kwa mawakala wa pesa. Unaichomeka kwenye tundu la kiberiti cha sigara. Ina mdomo wa flashi, mdomo wa memori kadi, siku hizi na Bluetooth, na kioo kidogo chenye tarakimu zinazowaka. Wapo wanaoiita modyuleta, wapo wanaosema MP3 ya gari. Mimi nitaiita transmita, maana hiyo ndiyo kazi yake: inarusha mawimbi. Ndani yake mna chipu inayochukua wimbo, kuupandisha kwenye masafa uliyochagua, tuseme 88.1, na kuurusha hewani. Redio ya gari, iliyo nusu mita kutoka hapo, inaupokea kama inavyopokea kituo chochote. Haiwezi kujua kwamba mtangazaji amekaa mbele, mkono mmoja kwenye usukani.

Mtu anaweza kuuliza shida yote hii ya nini wakati redio zipo. Zipo kweli: Shinyanga ina Radio Faraja, Geita ina Storm FM, na Radio Free Africa ya Mwanza inajulikana nchi nzima. Ila vituo vyenye leseni nchini kwa kawaida vinatangaza kwa Kiswahili au Kiingereza, na nyimbo za lugha nyingine zinapigwa kwa kipimo cha mwenye kipindi. Abiria wa kutoka Masumbwe kwenda Kahama anataka nyimbo za Kisukuma za Bhudagala tangu mlango unafungwa mpaka unafunguliwa. Redio haitampa hivyo. Flashi itampa.

Ndiyo maana kibanda cha kuingiza nyimbo hakijafa mkoani Geita, hata baada ya simu janja kuenea. Kompyuta ya mezani yenye feni inayolia, spika mbili nje ya mlango, kijana mmoja na folda zake: Kisukuma kipya, Singeli, Kwaya, Rumba, Bongo za zamani. Dereva anatoa flashi mfukoni pamoja na vumbi la tumbaku. "Dogo, futa zote. Niwekee Kisukuma, halafu kwaya chache, Jumapili huwa napakia akina mama." Kijana anajibu, "Sawa bosi," bila kuinua macho. Dakika chache baadaye flashi imejaa ngoma ambazo haziwezi kusikika zote kwa siku moja ya safari. Bila transmita, flashi hiyo haina pa kuingia kwenye gari ambalo redio yake inajua kaseti, CD na, kwa zile za zamani kidogo, MiniDisc ambayo karibu hakuna mtu hapa aliyewahi kuishika.

Sasa rudi kwenye zile megahezi mbili na nusu. Transmita nyingi zinazouzwa kwetu zinaanzia 87.5. Redio ya Kijapani inaishia 90. Mahali pekee zinapoweza kukutana ni kati ya hapo, na kwa hatua ya nukta moja moja, hizo ni nafasi 26 tu, ambazo vituo vyenye leseni navyo vimo. Tena nafasi mbili zinazopakana haziwezi kutumika pamoja bila kuingiliana, kwa hiyo zinazofaa kweli ni chache kuliko hizo. Mwenye ekspanda anapumua kidogo, kwa sababu anaweza kuiweka transmita mpaka 101 na kitu. Asiye nayo amebanwa kwenye uchochoro huo yeye na wenzake wote.

Matokeo yake yanasikika stendi. Michomoko, yaani hizi Probox za abiria, imejipanga inasubiri zamu, madirisha yako wazi, na katikati ya wimbo wako inaingia kwaya ya gari la nyuma. FM ina tabia yake: mawimbi mawili yakigombea masafa mamoja, redio haiyachanganyi kama zinavyochanganyika sauti mbili chumbani. Humshika mwenye nguvu zaidi na kumnyamazisha mnyonge. Nguvu zikikaribiana, redio inarukaruka, mstari huu wa huyu, mstari ule wa yule, na mkwaruzo katikati. Wasukuma wana historia ndefu ya kushindanisha ngoma, kundi la Bagika upande huu na la Bagalu upande ule, na kila Juni kwenye tamasha la Bulabo pale Bujora watu bado wanakwenda kuona nani atavuta umati. Kwenye foleni ya stendi mshindi anaamuliwa na nguvu ya transmita.

Barabarani shida inageuka. Masafa yaliyo matupu Geita mjini yanaweza kuwa na mwenyewe Kahama, na mnara wa kituo huko ukianza kukufikia hauingii kwa hodi. Vilima vinaweza kuuficha kwa kilomita kadhaa, kisha ukipanda mwinuko tangazo la biashara linamkata Bhudagala katikati ya neno. Dereva anayejua njia yake ana masafa mawili matatu kichwani na anabadilisha mahali pale pale kila siku.

Kuna jambo moja zito zaidi, na sijasikia likizungumzwa. Transmita ya Bluetooth inapokea pia simu. Mtu akikupigia, sauti yake inatoka kwenye simu yako, inaingia kwenye transmita, inarushwa hewani kwa 88.1, ndipo redio yako inaipokea. Kila redio iliyo karibu na iliyowekwa 88.1 inaweza kumsikia mtu huyo. Huku watu wanataja gramu za dhahabu na bei kwa simu tangu asubuhi, na kati ya duara, yaani shimo la mchimbaji, na soko la dhahabu lililofunguliwa Geita Machi 2019 kuna barabara ambazo si kila aliyemo ni mwema. Mwenye mzigo anayepokea simu ya mnunuzi kwa njia hiyo, akiwa stendi kati ya magari kumi, amemtangaza mnunuzi wake. Kama una biashara ya aina hiyo, zima Bluetooth na uweke simu sikioni gari likiwa limesimama.

Hapo swali la sheria linakuja lenyewe: mtu ana haki gani ya kurusha chochote hewani?

Karibu kila nchi ilianzia jibu moja: hana, mpaka awe na leseni. Uingereza ni mfano mzuri kwa sababu ilishikilia hivyo kwa ukali. Chini ya sheria yake ya mawasiliano ya redio ya mwaka 1949, kutumia transmita kama iTrip ya Griffin, iliyotengenezwa kwa ajili ya iPod, lilikuwa kosa, hata kama mawimbi yake hayakuvuka mlango wa gari. Watu waliinunua na kuitumia hivyo hivyo. Ilipofika tarehe 8 Desemba 2006, mamlaka yao ya Ofcom iliruhusu matumizi bila leseni kwa masharti mawili makubwa: kifaa kiwe na alama ya kukubaliwa, na nguvu yake isizidi nanowati 50.

Nanowati 50 ni kitu gani? Kituo cha FM chenye kilowati moja, ambacho si kikubwa, kina nguvu mara bilioni 20 ya hiyo. Nanowati hizo 50 ndizo kipimo kinachotumika Ulaya. Wamarekani wanapima kwa namna nyingine: ukisimama mita 3 kutoka kwenye kifaa, uga wa mawimbi usizidi maikrovolti 250 kwa mita. Mamlaka yao, FCC, inakadiria kwamba kifaa cha namna hiyo hakiwezi kusikika zaidi ya mita 60 hivi. Japani yenyewe inaruhusu maikrovolti 500 kwa umbali huo huo. Utaona kwamba wote hao waliacha kuuliza "hiki ni kifaa gani" wakauliza "kina nguvu kiasi gani", na kwa maoni yangu hilo ndilo swali pekee lenye maana.

Tena si swali la kinadharia. Mwaka 2006 huko Marekani, wasikilizaji wa redio za umma walikuwa barabarani wakisikiliza taarifa ya habari, ghafla akaingia Howard Stern, mtangazaji wa matusi ambaye alikuwa amehamia redio ya setilaiti mwezi Januari mwaka huo. Sauti ilitoka kwenye gari la jirani. Vipokezi vya setilaiti vya XM na Sirius vilikuwa na transmita ndogo ndani, na baadhi zilizidi kipimo. Mwaka 2008, kampuni hizo mbili zikitaka kuungana, zilikubali kulipa jumla ya zaidi ya dola milioni 19 kumaliza kesi za transmita hizo na za mitambo yao ya ardhini. Kampuni zenye wahandisi na mawakili zilishindwa kukaa ndani ya mstari. Kidude cha bei ya soda chache kilichofungwa kwenye nailoni bila jina la mtengenezaji kina nafasi gani?

Kwetu mwenye kauli ni TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliyoanza kazi Novemba 2003 kwa kuunganisha Tume ya Mawasiliano na Tume ya Utangazaji. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 imeweka milango mitatu. Anayetumia masafa ya redio awe na leseni. Kifaa cha mawasiliano kinachoingia sokoni kiwe kimethibitishwa na mamlaka kwamba kinakidhi viwango. Na anayeviingiza nchini, kuvisambaza, kuviuza au kuvifunga naye awe na leseni ya kazi hiyo. Kwa usomaji wangu, transmita isiyothibitishwa haiwezi kujitetea kwa udogo wake, na mzigo wa kwanza wa sheria uko kwa aliyeileta na anayeiuza kabla haujafika kwa dereva.

Ukali huo una sababu mbili za msingi, na zote ziko ndani ya kanda hii. Ya kwanza ni kituo chenye leseni. Kimelipia masafa yake, kimesimamisha mnara, kinalipa watangazaji, na msikilizaji wake aliyeko kijijini Nyarugusu na redio ya betri anapokea mawimbi dhaifu. Gari likipita na transmita iliyozidi kipimo kwenye masafa hayo, mnyonge ni yeye, na redio yake itamshika mpita njia. Ya pili iko juu ya vichwa. Pale 108 inapoishia FM, masafa ya kuongozea ndege yanaanza, bila ukuta katikati. Transmita iliyotengenezwa vizuri inabaki kwenye namba yake. Iliyotengenezwa ovyo inamwaga mabaki pembeni na juu. Kanda hii ina viwanja vya Mwanza na Chato, na migodi mikubwa ina njia zake za ndege.

Lakini tusitishane. Transmita ya kweli ya nanowati 50 ndani ya bodi ya chuma haiangushi ndege wala haiui kituo. Kinachonisumbua ni ndugu yake mkubwa, sanduku dogo lenye antena ya kunyoosha linalouzwa kwa ajili ya mikutano ya nje, ibada na baa, lenye wati 1, 7 hata 15. Sanduku la wati 7 lina nguvu mara milioni 140 ya kile kipimo cha Ulaya. Hicho ni kituo cha redio bila mzaha, na anayekiwasha Katoro bila leseni asishangae wakaguzi wakimgongea. Wako pia mafundi wanaounga waya kwenye transmita ya kawaida ili "ishike vizuri". Inashika vizuri, na inashika mpaka nyumba ya tatu.

Migodini kuna kanuni ya zamani kuliko transmita zote hizi. Viwasha baruti vya umeme vinaweza, kwa nadra, kuamshwa na mawimbi ya redio yenye nguvu, kwa hiyo duniani kote karibu na sehemu ya kulipulia huwekwa mabango ya kuzima simu na redio za upepo. Nanowati 50 hazihusiki na hatari hiyo hata kidogo. Ila mlinzi wa geti hapimi nanowati, naye yuko sahihi: ukiambiwa uzime, zima kila kinachorusha, pamoja na hicho kilichoko kwenye kiberiti cha sigara.

Kuhusu hakimiliki nitapita haraka, maana ni mlango mwingine kabisa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 haijali wimbo umefika kwenye spika kwa waya, kwa flashi au kwa hewa. Ukiupigia abiria wanaolipa nauli, hayo ni matumizi ya hadhara na mwenye wimbo ana haki yake. Kile kibanda cha kuingiza nyimbo kinadaiwa zaidi ya dereva, na wanaokosa hapo ni wasanii wale wale wa Kisukuma ambao kibanda kinaishi kwa jasho lao.

Kama unayesoma ni mwenye gari, njia safi kuliko zote ni waya. Redio ikiwa na tundu la AUX, waya mmoja unamaliza habari: hakuna masafa, hakuna jirani, hakuna wa kukudai leseni ya hewa. Kama haina, pima bei ya kubadilisha redio yenyewe kwa ile inayofika 108 na yenye Bluetooth yake ndani; transmita tatu zilizoungua na ekspanda moja mbovu hukaribia gharama hiyo. Ukibaki na transmita, nunua yenye jina la mtengenezaji na karatasi inayotaja nguvu yake, kimbia inayojisifu kufika mita 100, na kabla ya kuiwasha sikiliza kwanza namba unayotaka: ukisikia sauti yoyote hapo, hata ya mbali, namba hiyo ina mwenyewe. Usiiongezee waya.

Kwa TCRA nina ombi moja. Andikeni kipimo kinachokubalika cha transmita ya gari kwa Kiswahili cha stendi, namba moja na picha ya alama ya kutafuta kwenye boksi, mkibandike Kahama, Katoro, Ushirombo na Shinyanga mjini, mahali dereva anaposubiri zamu. Na wewe mwenye duka la vifaa vya simu unayeuza transmita kumi kwa wiki, leseni ya kuuza inakuhusu wewe kabla ya mteja wako. Ofisi ya kanda iko Mwanza, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kutoka Geita huhitaji tena kusubiri kivuko.